Karibuni, Kuna Ndizi

Wifi yangu Benedicta alikuwa na ulevi mmoja tu: kusoma. Wanawake wenzake wa Tabata wakimaliza kazi za nyumbani huwasha tamthilia. Yeye alivuta kiti barazani, akafungua riwaya ya Kiingereza, na kuanzia hapo ungeweza kubeba sufuria jikoni na jiko lake asijue. Tena hakutaka riwaya yoyote. Alitaka za Ayalandi tu, za kale, zile ambazo mwanamke wa leo mwenye simu na viatu vya mchuchumio anagusa jiwe kilimani, na kufumba na kufumbua yuko miaka mia mbili nyuma. Huko kuna ukungu, kuna farasi, kuna mwanamume mwenye upanga anayempenda bila kumuuliza katoka wapi, na chini ya kilima kuna watu ambao si binadamu na si mashetani. Muuza vitabu vya mitumba alikuwa anamwekea kabisa, kama bucha anavyomwekea mteja wake maini.

"Wifi," nilimwambia siku moja, "Mhaya na Ayalandi wapi na wapi?"

"Huko nako mvua hainyeshi ikakoma, kama Kamachumu," akanijibu. "Mie nikisoma najisikia niko kwetu."

Nikacheka. Sisi Wahaya tumeshasemwa sana kwa kupenda Kiingereza, nikaona huyu sasa ameamua kukihamia.

Mie naitwa Tekla. Nina saluni yangu Sinza, na nina mtoto mmoja, Brightson, ambaye baba yake tulishaachana. Kaka yangu Revelian na Benedicta nao walikuwa na mmoja, Hope, wa miaka minane. Huyo Hope alipatikana baada ya mimba nyingi kuharibika, mpaka ndugu wakaanza kumwambia kaka yangu maneno ya kishenzi. Kwa hiyo mtoto alipokuja alikuwa ndiye jua na ndiye mwezi wa nyumba ile. Alikuwa mnene kwa raha zake, mashavu yamejaa, na chakula alikipenda kwa moyo wote.

Jumapili nilikuwa nikitoka misani napitia kwao na Brightson tunakula pamoja. Meza yao ilikuwa na benchi refu upande wa ukutani, na Hope alikaa hapo. Benedicta alikula huku anasoma, mkono mmoja kwenye ndizi na mwingine kwenye kitabu, anamtafsiria mtoto papo hapo kwa Kiswahili.

Kitabu cha safari ile kilikuwa kigumu. Mwanamke aliyegusa jiwe hakuangukia kwa mwenye upanga. Aliangukia mwaka wa njaa. Viazi vyote vilikuwa vimeoza ardhini kwa usiku mmoja, nchi nzima inanuka, huku ngano inapakiwa melini kwenda kuuzwa na askari wanailinda. Watu walikufa kandokando ya barabara, midomo imekuwa ya kijani kwa kula nyasi.

"Mama," Hope akauliza, mdomo umejaa, "sasa hao watakula nini?"

"Hawana kitu, mwanangu."

"Tuwakaribishe."

Benedicta akacheka, akakiangalia kitabu, akasema kwa sauti ya mwenye nyumba, "Karibuni jamani, kuna ndizi!"

Tukacheka wote. Ukweli ni kwamba sote tungesema vilevile. Kwetu mtu akikukuta unakula lazima umkaribishe, hata kama ni mkusanya taka, hata kama sahani imebaki na tonge moja. Na mgeni naye anajua wajibu wake. Anajibu, "Asante, nimeshakula," hata kama utumbo unamlilia. Mkaribishaji hana nia na mkaribishwa hana matumaini, adabu imetimia, maisha yanaendelea. Tumelelewa hivyo.

Wale hawakulelewa hivyo.

Mchezo ukawa wa kila mlo. Benedicta anasoma, Hope anakaribisha. Mtoto akawa anasogea kwenye benchi kuwapisha, anacheka peke yake, "Kaa hapa, bibi. Na wewe kaa hapa." Mama yake akaona ni akili za mtoto wa msomaji.

Kisha Hope akaanza kupungua.

Mwanzoni tulidhani ni kurefuka. Lakini mashavu yaliisha, mikono ikawa vijiti, na macho yakawa makubwa kuliko uso wenyewe. Na hakuacha kula! Alikula kuliko kaka yangu. Alimaliza sahani, akaomba nyingine, akamaliza, akakaa analia kimyakimya kwamba ana njaa. Viazi mbatata vikiletwa kutoka sokoni jioni, asubuhi vilikuwa vyeusi, vimelainika, vinanuka hadi kwa jirani.

Jumapili moja Hope aliinua uso kwenye sahani akanong'ona, "Shangazi, nabanwa."

Nikamtazama. Alikuwa amejikunyata mwisho kabisa wa benchi, bega limegandamizwa ukutani mpaka kichwa kimelala upande. Nafasi iliyobaki wangekaa watu wazima watatu.

"Si usogee, mama. Mbona nafasi ipo?"

Alitazama sinia la ndizi katikati ya meza. Nami nikatazama sinia.

Ulikuwa mchana mweupe. Feni inazunguka, kwa jirani wanapiga singeli. Kwenye lundo la ndizi pakatokea shimo. Shimo la vidole. Hapakuwa na vidole. Likatokea lingine. Na lingine. Ndizi zikawa zinashuka, taratibu, huku sisi wote mikono iko mapajani.

Nilimchukua Brightson nikaondoka bila kuaga. Kuanzia hapo niliacha kupitia kwao.

Hospitali walipima kila kinachopimika. Damu safi, choo safi, kifua safi. Daktari akamtazama Benedicta juu mpaka chini, akamuuliza mbele ya watu, "Mama, huyu mtoto mnamlisha?" Tangu hapo mtaa ukapata maneno. Walisema anamnyima mtoto chakula ili anunue vitabu. Walisema amemtoa mtoto kafara. Mwanamke mmoja alimtemea mate karibu na miguu sokoni, na Benedicta akaendelea kuchagua maharage. Kaka yangu akachoma vitabu vyote uani, akarudi ndani akamkuta Hope amekaa palepale kwenye benchi, amebanwa vilevile.

Halafu wakamkuta nyuma ya nyumba, amepiga magoti, anang'oa ukoka. Anatafuna. Midomo ya kijani.

Wiki ile Benedicta alinipigia simu mchana nikiwa nasuka mteja. Alikuwa ananong'ona.

"Wifi, nimekumbuka. Nilisomaga zamani, kwenye kitabu kimoja cha wale watu wa kilimani. Ukishamkaribisha mgeni wa namna ile huwezi kumfukuza. Ila ukitoka naye ukaenda ugenini, na wenye nyumba ile wakakukaribisha, basi anabaki kule. Huku harudi tena."

"Benedicta, hizo ni hadithi za kitabu."

"Na hawa wametoka wapi?"

Nikamwambia nina mteja, nikakata. Lakini moyo wangu si mjinga. Nilipomaliza kusuka nilikaa nikajiuliza: huyu ananiambia hivi kwa nini? Ana marafiki gani? Anaenda kwa nani mwingine hapa mjini zaidi ya kwangu?

Jumamosi ilinijibu. Sikufungua saluni siku ile. Brightson alikuwa amelala mkekani chumbani, mie niko jikoni naonja mchuzi. Nikasikia geti la uani linasukumwa.

"Hodi."

Benedicta.

Neno lilishafika kwenye ulimi. Naapa, lilishafika. Hodi na karibu kwetu ni kama kupiga chafya na kushika pua, huwazi. Niliufunga mdomo kwa kiganja kilichokuwa na mwiko, mchuzi wa moto ukanimwagikia kidevuni. Sikupiga kelele.

"Hodi, wifi. Najua upo."

Nilichungulia kwenye upenyo wa pazia. Amesimama kizingitini amemshika Hope mkono, na Hope amevalishwa gauni la Krismasi linaloning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Nyuma yao uani hapakuwa na mtu. Ila nguo zangu nilizoanika kwenye kamba zilikuwa zinasukumwa huku na huku, moja baada ya nyingine, na upepo haukuwepo.

Benedicta akainama, akamnong'oneza mtoto sikioni. Nilimwona. Alijua mie naweza kumnyamazia yeye. Akamtuma Hope.

"Hodi, shangazi," mtoto akasema. "Shikamoo. Tunaomba tukae kidogo."

Nimemlea yule mtoto mgongoni. Jina lake la nyumbani nilimpa mie. Nikageuka nikatazama mlango wa chumba alicholala wangu, tumbo lake linapanda na kushuka, mashavu yamejaa. Nikabaki kimya. Anayetaka kunihukumu ajaribu kwanza kusimama pale na mtoto mmoja mlangoni na mwingine mkekani, aniambie angemchagua nani.

Hodi hupigwa mara tatu. Usipojibiwa unaondoka. Walikaa kizingitini muda mrefu, Hope ameegemea mlango wangu, nasikia kucha zake zinaparuza mbao. Nadhani alikuwa amechoka tu. Mwishowe mama yake alimbeba, wakaenda.

Hope alifariki kabla Jumapili haijaisha.

Walimuaga nyumbani kwao Tabata kabla ya kumsafirisha Kamachumu. Nilikwenda. Shangazi haachi kwenda, watu wangesema. Kajeneza kenyewe kalikuwa kadogo, wanaume wawili wangekatoa kwa mkono mmoja mmoja. Wawili walishika, hakakunyanyuka. Wakaongezeka wanne. Wakaongezeka tena, mpaka nafasi ya kushika ikaisha, shingo zimewatoka mishipa, na sanduku likaenda mlangoni likikwaruza sakafu. Mmoja wao alinong'ona, akidhani hatusikii.

"Humu ndani wamelala wangapi?"

Hakuna aliyetaka lifunguliwe.

Benedicta alinivuta pembeni, nyuma ya turubai, mahali wapishi walipokuwa wanaosha masufuria. Hakuwa analia.

"Ulikuwa ndani," akasema polepole.

"Nilikuwa ndani."

"Ningekuwa wewe nami nisingefungua." Akatazama gari la maiti. "Wameingia sandukuni wote. Nimewaona wakijipanga. Hawasumbui tena mtu."

Nikashusha pumzi. Mungu anisamehe, niliposikia hivyo nilipata nafuu mbele ya mama aliyefiwa.

"Ila Hope hakuingia," akaendelea. "Wao wamekwenda, yeye kabaki. Tangu Jumamosi yuko kwako mlangoni. Mie nilibeba mwili tu."

Aliniachia mkono akaenda kupanda gari.

Nilirudi Sinza nikaamua kwamba ni maneno ya uchungu. Mfiwa husema lolote. Nilifungua saluni, nilisuka, nilicheka na wateja. Mlangoni kwangu sikuona kitu, na nilitazama kila nilipopita.

Siku moja nilitoka kwenda dukani kununua chumvi, nikarudi nikamkuta Brightson anakula mihogo kwenye jamvi. Amekaa ukingoni kabisa, paja moja liko sakafuni.

"Mbona hukai vizuri?"

"Nimempisha Hope."

Nikaishika chumvi kwa mikono miwili. "Hope yuko wapi?"

"Si huyu. Alikuwa anapiga hodi. Kasema kapiga siku nyingi, hamsikii."

"Ukamwambiaje?"

Mwanangu akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kijinga. "Nikamwambia karibu. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

Nilipapasa jamvi pale katikati. Palikuwa pamelowa. Maji ya baridi, baridi ya friji, na jua la Januari lilikuwa linachoma mpaka bati linalia. Kwenye unyevu ule palikuwa na nyasi laini, ndogo, zenye udongo mweusi kwenye mizizi. Nimemwonyesha mpaka mtu wa bustani anayeuza miche barabarani. Alizinusa, akasema udongo ule si wa hapa.

Sasa napakua sahani tatu. Kumfukuza siwezi, na kwenda naye kwa mtu bado sijapata moyo, ingawa majirani zangu wote nawajua wanakula saa ngapi. Sahani ya katikati hurudi tupu, imelambwa, na Brightson huomba aongezewe.

Jana asubuhi nilimsimamisha nimvalishe sare ya shule. Suruali ikamvuka yenyewe mpaka chini.