Ubani Juu ya Mkaa

Mambo yaliharibika Ijumaa, tarehe 16 Januari 2015. Riyadh siku hiyo baridi ilikuwa ya kukata masikio. Soud, fundi cherehani wa mtaa wa Al-Dirah, alirudi kutoka msikitini akamkuta binti yake, Amal, msaidizi wake dukani, anacheka peke yake.

"Wacheka na nani, mwanangu?"

"Na mama. Yule pale, kasimama pembeni."

Soud akageuka. Hapakuwa na mtu. Mkewe alikuwa kaburini mwaka wa tatu.

Chumba kilikuwa kimya, kina joto zuri. Asubuhi Soud alikuwa ameingiza jiko la mkaa, akaziba dirisha kwa matambara. Hita ya umeme hakuwa nayo. Wakili wa mwenye nyumba alizikataza, eti nyaya mbovu. Kuzitengeneza hataki; kuchukua kodi, hodari!

"Simpigii mtu magoti," Soud alikuwa akisema. "Joto nitalitafuta mwenyewe."

Sasa kichwa kikaanza kumgonga. Akasikia jina lake likiitwa, taratibu, kutoka ukutani. Amal akataka kusimama, miguu ikakataa.

"Jini!" Soud akafunga mlango, akamwaga ubani juu ya mkaa, akapuliza mpaka makaa yakawa mekundu. Akasoma dua. Kila alivyosoma, sauti ile ilizidi kusogea.

"Soud. Njoo ulale."

Amal akaacha kucheka. Kisha akaacha kujibu.

Harufu ya ubani ndiyo iliyomleta Sellah, nesi Mkenya wa chumba cha jirani. Alikuja kulalamika. Akabisha, kimya. Akasukuma mlango kwa bega.

"Woi! Mzee, toka nje! Sasa hivi!"

"Usiingie, mwanangu kapagawa!"

"Kapagawa na nini? Shika miguu, tumtoe!"

Wakamburuta hadi kwenye ngazi, penye upepo. Sellah akapiga 997, gari la wagonjwa likaja. Hospitali wote wawili wakawekewa oksijeni. Jioni Amal akafumbua macho.

"Mzee, mkaa hutoa hewa ya sumu," Sellah akamweleza. "Huioni, wala haina harufu. Kichwa kinauma, miguu inalegea, unaona watu ambao hawapo. Ukilala, huamki."

"Mbona makaa yalishika vizuri? Hayakuwa na moshi."

"Hata bila moshi yanaua. Jiko likae nje, siku zote."

"Na baridi je?"

"Kwani wewe si fundi? Shona!"

Soud akashona. Vipande vya nguo vilivyobaki dukani akavifanya mablanketi mazito na pazia la dirisha. Mengine akayauza sokoni. Kwa pesa hizo akamwita fundi umeme, akabadilisha nyaya za chumba, akanunua hita. Wakili hakupinga, maana hakutoa kitu. Hita ikawekwa mbali na nguo, ikazimwa kabla ya kulala. Jiko likahamia juu ya paa.

Baridi ikapita salama. Amal akarudi kazini. Pale pembeni hakusimama mtu tena.

Msimu wa baridi uliofuata, wakili akaleta wapangaji chumba cha chini, madereva wageni kutoka Mombasa. Mmoja alibeba gunia la mkaa. Soud akawaketisha, akawaeleza yote. Kisha akamfuata wakili.

"Wewe uliwaambia?"

"Halas, mzee, yatosha. Kazi yangu mimi ni kodi."

Wakili akawasha gari. Soud akashika kioo cha dirisha.

"Na lau ningekufa siku ile, hawa nani angewaambia?"