Uzi wa Fulana

Yaliyomkuta shangazi yangu yalianza jioni ya kawaida kabisa. Umeme ulikatika, duka la jirani likaishiwa mishumaa, naye akasema atajitengenezea. Alichota mafuta ya kupikia, yale ya mgando, akayashindilia kwenye kikombe cha bati. Kilichokosekana ni utambi. Akainama kitandani, akachomoa uzi mrefu kwenye pindo la fulana aliyovaa mwanawe, Kibonge, aliyekuwa hoi kwa homa.

"Umechoka kukaanga," mumewe, fundi viatu, akatania, "sasa unataka kumwasha mtoto?"

"Acha maneno, lete kiberiti."

Utambi ukashika. Na Kibonge, ambaye tangu asubuhi hakufumbua jicho, akaketi akaomba maji.

Walicheka. Walimkumbatia. Kisha upepo ukapita dirishani, mwali ukainama, na mtoto akainama nao. Mwali ukasimama. Mtoto akainuka.

Hakuna aliyecheka tena.

Fundi alifunga dirisha. Shangazi akaukinga mwali kwa viganja. Uzi ulikuwa umebaki mfupi kama ukucha.

"Usipumulie huku," akanong'ona.

"Mikono yako inaungua, mama Kibonge."

"Iungue."

Ilibidi uunganishwe uzi mwingine kutoka fulana ileile. Wakamwita bibi, mama yake fundi, mwenye masikio mazito, wakamwonyesha kwa ishara: kinga hapa. Shangazi akarudi kwenye pindo.

Mlango ukagongwa. Jirani.

"Hodi! Poleni na mgonjwa. Mtoto mzima?"

"Mzima!" fundi akapaza sauti, ili aende zake. "Mzima!"

Bibi aligeuka.

"Nizime?"

Akalamba vidole viwili. Akaubana utambi.

Giza.

Fundi alipapasa kiberiti, akawasha njiti. Kibonge alikuwa amelala chali. Puani mwake ulitoka uzi wa moshi, mwembamba, umenyooka.

Wakauwasha utambi tena. Uliwaka vizuri sana. Ukawaka mpaka ukaisha.

Bibi hakuambiwa kitu.

Ukutani, juu ya kitanda kile, pana doa la masizi, duara, ukubwa wa kichwa cha mtoto. Fundi hupaka chokaa, doa hurudi. Mwaka jana lilikuwa usawa wa kiuno changu. Juzi nilipokwenda kuwasalimu, lilikuwa limefika mbavuni.

Watoto wa rika la Kibonge nao wamefika hapo.