Simu ya Yunusi Haikugawiwa

Simu ilikuwa imezimwa, jamani, lakini Mwanvita alipotia mkono kwenye gunia la maharage aliikuta ina joto kama yai lililotoka kutagwa. Akaishika, akairudisha. Hakushtuka. Tangu wamzike mwanawe Yunusi, aliyeanguka na pikipiki kwenye mteremko wa Mgeta, hakuna kilichomshtua wala kumliza.

Siku ya kuanua tanga vitu vya marehemu viligawiwa kama ilivyo desturi: mashati, jembe, mpaka viatu vya mvua. Simu tu ndiyo mama aliyoificha. Humo mlikuwa na ule mchezo wa vita, uliotokana na zile sinema za watu wa chuma wanaoshuka kutoka kwenye nyota. Yunusi alizoea kumwonyesha pale jikoni: "Huyu wa koti jekundu ndiye mimi, mama. Ona, nimekufa. Subiri... haya, nimerudi!"

"Ungekuwa unarudi hivyo shambani, tungelima mlima mzima," mama akamjibu, wakacheka.

Kwa ajili ya hilo tu, kwamba anarudi, aliificha.

Alasiri moja ukungu ulishuka mpaka mlangoni. Kutoka chumba cha ndani kukasikika pu-pu-pu, bunduki ndogondogo. Mwanvita alimkuta Shadia, kitinda mimba wake, amekaa kitandani kwa kaka yake, vidole gumba vinaruka juu ya kioo.

"Nani kakupa?"

"Iliniita."

"Na chaji umepata wapi?"

"Haina chaji, mama." Sauti ilikuwa ya chini, na macho hakuyainua. "Kaka anataka mwenzake. Anasema nafasi ya pili iko wazi."

Mama akanyoosha mkono aichukue, na hapo ndipo harufu ya kafuri ilipompanda puani, kafuri ile ile waliyomtilia Yunusi siku ya kumwosha, na kwenye kioo yule wa koti jekundu akaanguka, akainuka, akawapa mgongo watu wa chuma waliokuwa wakimpiga, akageuka taratibu mpaka akawa anamtazama yeye, yeye Mwanvita, kwa uso usio na macho, kisha kitu kikasema ndani ya simu, si kwa sauti ya Yunusi wala ya mtu yeyote: "Amka. Endelea."

Mkono ukarudi wenyewe.

Baada ya hapo ugali wa Shadia ukawa unapoa sahanini. Akiitwa haitiki. Mikono ikawa baridi kama mawe ya mtoni. Na mama alikaa kando yake akitazama lile koti jekundu, haogopi, hasali, amekaa tu kama mtu anayengoja maji yachemke.

Aliyekuja ni Magdalena, Mnyamwezi aliyeolewa kijijini, mtani wao, yule aliyewachekesha waombolezaji na kuosha masufuria ya msiba.

"Hodi! Waluguru, bado mmelala?" Kisha akanusa. "We Mwanvita. Mnamwosha nani humu?"

Alipomwona mtoto na simu ya marehemu mkononi, utani ukamwisha. "Uliificha," akanong'ona. "Kitu kimekaa bila mwenyewe, jini kaona nyumba tupu kaingia. Nipe."

"Ni mwanangu yule."

"Mwanao tumemzika wote. Huyu hapa ndiye mwanao, shika mkono wake uone! Mtani hanyimwi cha marehemu. Nipe haki yangu ya utani."

Mwanvita akaushika mkono wa Shadia. Akaubandua kwenye simu, kidole kimoja kimoja, akampa mtani.

Magdalena akaiinua. "We jini usiyeoga! Umekosa mwamba, umekosa pango, unakaa kwenye kioo kama kinyesi cha nzi? Twende nikakuonyeshe makao ya saizi yako!" Akatoka nayo, akaitumbukiza shimoni chooni, akacheka kwa nguvu ili jini asikie.

Ndani, Shadia akalia. Kilio cha mtoto mwenye njaa. Akala ugali wote, akaomba mwingine.

Magdalena alipoondoka, Mwanvita akaketi kupukuchua maharage. Kutoka nyuma ya nyumba, chini kabisa, akasikia pu-pu-pu. Kafuri ikanukia mikononi mwake. Akatazama chini: maharage yalikwisha zamani, ila vidole gumba vyake vilikuwa vinakwenda, kulia, kushoto, juu ya khanga.

Akavifunika kwa upindo, Shadia asivione. Hakuviambia viache.