Njia ya Mawe Meupe

Sogea karibu, uvute kanga miguuni, maana habari hii si ya kusikilizwa mtu akiwa amelala nusu.

Jua lilikuwa limeshaegemea upande wa ziwa pale Dorotea alipogundua kwamba sweta la mwanawe halipo. Kwenye mfuko hamna. Kwenye kamba ya nguo hamna.

"Queen! Sweta la shule liko wapi?"

Mtoto akaangalia vidole vya miguu yake. "Nimeliacha mlimani, mama."

"Mlimani! Na Jumatatu utavaa nini, gunia?"

Baba yake Queen, Pius, ni dereva wa malori, na wiki ile alikuwa Kahama. Hakuwepo mtu wa kutumwa. Basi Dorotea akafunga kanga kiunoni, akamshika mtoto mkono, wakatoka. Mlima hauko mbali. Ukiiacha stendi ya Buzuruga nyuma yako, ukapita nyumba za mwisho, unaanza kupanda katikati ya yale mawe yetu ya Mwanza, makubwa kama nyumba, mengine yamekaa juu ya wenzake kama watoto mgongoni.

Mchana wa siku hiyohiyo walikuwa huko na majirani. Matembezi yale ya Jumamosi aliyaanzisha Najat, jirani yao, mwanamke asiyejua kunyamaza. "Watoto wetu wanakodolea simu mpaka macho yanakuwa kama ya samaki sato wa juzi," alisema. "Tuwapandishe mlimani wapate hewa!" Wakaitikia. Akina mama na chupa zao za chai, akina baba wakipanda huku wakificha kuhema, watoto mbele kama mbuzi. Na ili watoto wasipotee kwenye mawe, Najat akataka njia iwekewe alama: vijiwe vilivyopakwa rangi nyeupe, kimoja baada ya kingine, mtoto afuate mpaka juu na afuate mpaka chini.

"Kila mtu alete mawe!" akasema.

Dorotea ndiye aliyeleta mengi kuliko wote. Hakuhangaika. Kule juu, chini ya jiwe kubwa kuliko yote, alikuta lundo limejipanga, mawe ya duara, laini, ya kushikika kiganjani. Akajaza ndoo. Akarudi akajaza tena, mpaka lundo likaisha, likabaki shimo dogo kama kiota cha kuku. Majirani wakamsifu. Wakapaka rangi, wakapanga njia.

Yeye ni mtu wa Sengerema, kaja Mwanza kwa ndoa. Hakujiuliza mawe laini namna ile, mawe ya ufukweni, yalipandaje mlimani.

Chini ya mlima wakamkuta Mama Mihayo, yule mama anayeponda kokoto. Wiki nzima hakuwepo, alikwenda kwenye msiba Bujora. Sasa alikuwa anafunga nyundo yake kwenye kiroba.

"Shikamoo, Mama Mihayo."

"Marahaba, mayu. Jioni hii na mtoto, mnakwenda kuposa pimbi?"

Dorotea akacheka. "Sweta. Huyu kalisahau juu."

"Haya. Basi na mimi mnisaidie, mgongo leo umegoma." Mama Mihayo akafungua pindo la kanga, akatoa jiwe. "Mkifika kwenye lile jiwe kubwa, niwekee hili kwenye lundo. Nimeliokota ziwani nikiwa narudi. Weka, useme 'lala'. Basi."

"La nini?"

"La kumfunika mtoto. Kwani Pius hakukwambia? Nenda, jua linakwisha. Ukishuka nitakupa habari yake."

Dorotea akalipokea. Lilikuwa la duara. Laini. La kushikika kiganjani.

Kama yale ya ndoo.

Akalifunga kwenye pindo la kanga. Mawe mengine yale yalikuwa mbele ya macho yake, meupe, yamepangwa njia nzima. Akapanda. Queen alikuwa mbele, akiruka kutoka jiwe hadi jiwe, akiimba wimbo wa shuleni. Mijusi ilikuwa imeshaingia kwenye nyufa. Pimbi walikuwa wanalia, ile sauti yao ya kukwaruza.

Halafu wakanyamaza. Wote. Kwa mara moja.

Ikaja harufu. Maziwa... maziwa ya mama yaliyochachia kwenye nguo. Kila aliyewahi kunyonyesha anaijua.

Sweta lilikuwa palepale kwenye jiwe kubwa. Lakini halikutupwa. Lilitandazwa juu ya lile shimo, mikono imekunjwa kwa ndani, ukosi umevutwa vizuri, kama unavyomfunika mtoto mchanga.

"Nani kaliweka hivi?"

"Mimi," Queen akasema. "Mtoto alikuwa anatetemeka."

"Mtoto gani?"

"Wa yule mama."

Dorotea akaangalia sweta. Likainuka kidogo. Likashuka. Likainuka.

Ni upepo, akajiambia. Lakini nyasi zilikuwa zimetulia.

Sasa hapa ndipo alipokosea mara ya pili. Mtu mwingine angeliacha. Yeye akawaza Jumatatu, akawaza mwalimu getini, akainama, akalinyakua. Chini yake hapakuwa na kitu. Udongo tu, umelowa. Akaugusa.

Ulikuwa wa moto.

Akamvalisha Queen sweta lile harakaharaka, kichwa kikipita kwenye mkono, mkono kwenye shingo, akamshika, wakashuka. Jiwe la Mama Mihayo alikuwa amelifunga kwenye pindo la kanga. Hakulikumbuka hata.

Wakafuata mawe meupe. Chini taa za mji zilishaanza kuwaka. Adhana ya magharibi ilikuwa inapanda kutoka mtaani, karibu kabisa, unadhani ukinyoosha mkono utaugusa msikiti. Wakazunguka mwamba wa kwanza. Wakazunguka wa pili. Mawe yaliwaongoza vizuri tu, moja, jingine, jingine...

Mpaka kwenye jiwe kubwa.

"Tumerudi, mama," Queen akasema.

"Tumekosea njia. Twende."

Wakashuka tena. Safari hii Dorotea alikuwa anahesabu miamba kwa mdomo. Mawe yaling'aa. Akainama akagusa moja: lilikuwa bichi, linateleza, linanuka ziwa. Akaona aibu kukimbia mbele ya mtoto. Akakimbia.

Jiwe kubwa.

Na safari hii palikuwa na mtu. Mwanamke ameketi pembeni ya njia, amewapa mgongo. Nguo zake zilichuruzika maji. Mgongoni alikuwa amefunga mbeleko, na mbeleko ilining'inia. Tupu.

Ukaja unong'ono. Haukutoka kwa yule mwanamke, ulitoka karibu, nyuma ya sikio la Dorotea.

"Nani kamfunua ng'wana wane?"

Nani kamfunua mwanangu.

"Mama," Queen akasema taratibu. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama jiwe la asubuhi. Midomo imekuwa ya kijivu. "Nasikia baridi. Huyu mama anasema nikalale pale na mtoto wake, tupeane joto."

Akaanza kuvuta mkono. Kuelekea shimoni. Mtoto mdogo vile, lakini Dorotea alivutwa kama aliyeshika kamba ya ng'ombe anayekimbia josho.

"Queen, hapana! Hapana, mwanangu!"

"Hatua chache tu, mama. Kananiita."

Hapo ndipo sauti ya Mama Mihayo ikamrudia kichwani, ile ya kawaida kabisa, ya mtu anayefunga kiroba chake. *Weka, useme lala.*

Akamvua Queen sweta. Akapiga magoti, akalitandaza shimoni kama lilivyokuwa, mikono kwa ndani, ukosi juu. Akafungua pindo la kanga, akaweka lile jiwe.

"Lala," akasema. "Lala, mtoto. Nisamehe. Lala."

Queen akaacha kuvuta.

Lakini jiwe moja litamfunika nani? Dorotea akaligeukia jiwe jeupe lililokuwa karibu, akaling'oa, akaliweka. Lala. Akang'oa jingine. Lala. Akamfunga Queen kwenye ncha ya kanga yake, mafundo mawili, ili asimpoteze, wakashuka na njia wakikusanya, wakarudi wakamimina, wakashuka tena. Rangi nyeupe ilimganda viganjani. Giza lilikuwa linaingia. Kila jiwe alilolitoa, njia ya nyuma yake ikafutika, na kila alilolirudisha, lile vuguvugu la udongo likapoa.

Mawe ya mwisho alikuwa anapanga bila kuangalia. Anyooshe mkono tu, na jiwe linawekwa kiganjani. Anapanga, ananyoosha, anapewa.

"Asante, mwanangu," akasema. "Leta jingine."

Akapewa. Lilikuwa limelowa.

"Asante."

Kisha kanga ikavutwa upande wa pili. Queen alikuwa kule, nyuma ya mgongo wake, amefungwa kwenye ncha, amesinzia amesimama.

Dorotea hakugeuka kuangalia mkono uliokuwa unampa mawe. Akaweka lile alilopewa. Akasema "lala". Akambeba mtoto, akashuka moja kwa moja kwenye miamba bila njia, akichunika magoti, akifuata kelele za bodaboda.

Mama Mihayo alikuwa bado pale chini, ameketi juu ya kokoto zake. Alipoona viganja vyeupe vya Dorotea, akaelewa.

"Mlichukua mawe yake," akasema.

"Sikujua, mama yangu. Naapa sikujua."

"Nani angekwambia. Wenye mlima wamehama, mmebaki wapangaji." Akamfunika Queen kwa kanga yake mwenyewe, akamsugua mikono. Ndipo akasema, kwa sauti ya chini. "Bibi yangu alituambia hivi. Ilikuwa mwaka wa njaa. Mwanamke mpita njia, hana kwao hapa, mtoto akamfia mgongoni pale juu. Ardhi ile haichimbiki, si unaijua. Akakwangua kwa kucha kile kishimo. Kila aliyepita akamwomba, nisaidieni kumfunika. Mwenyewe akateremka ziwani kuleta mawe."

"Halafu?"

"Halafu nini? Hakupanda tena. Ndiyo maana sisi tunayaleta kwa niaba yake. Ili asihangaike kuja mwenyewe."

Queen alipata joto alipokunywa uji. Akala, akacheka, akalala. Dorotea akalala pembeni yake, mkono juu ya kifua cha mtoto.

Alipoamka kumekucha. Mlango ulikuwa na komeo. Sakafuni, kutoka mlangoni mpaka kitandani, palikuwa na matone ya maji.

Queen alikuwa amefunikwa. Blanketi limevutwa juu ya kichwa, pembe zimechomekwa kwa ndani, zimebanwa vizuri, kazi ya mtu mwenye mazoea. Na juu ya blanketi, katikati ya kifua, lilikuwa limewekwa jiwe.

La duara. Laini. Limelowa.

Akalifunua blanketi kwa pupa. Mtoto alikuwa anapumua. Shavu la vuguvugu, la usingizi mzuri.

Akalipeleka jiwe kwa Mama Mihayo, mbio, hata kanga kichwani hana. "Ananishukuru?" akauliza. "Niambie, mama. Ni shukrani hii?"

Mama Mihayo aliligeuza jiwe mkononi muda mrefu. Nyundo yake ilikuwa chini.

"Huenda," akasema. Kisha: "Lipeleke juu kabla jua halijapanda. Na kesho likiwepo, lipeleke tena. Usiyaache yakakusanyika juu ya mtoto."

Kesho yake lilikuwepo.

Najat alilalamika wee, nani kaiba alama zake. Matembezi ya Jumamosi yanaendelea, wamehamia njia ya upande wa pili, na watoto wanapenda. Dorotea haendi nao. Yeye anapanda peke yake kila alfajiri, jiwe likiwa kwenye pindo, na watu wa mtaa wanadhani anafanya mazoezi ya mwili. Pius aliporudi kutoka Kahama alihamisha kitanda, akaongeza komeo la pili. Haikusaidia kitu.

Hilo angelizoea. Mtu huzoea. Lakini jana alfajiri aliponyoosha mkono alichukue, Queen alifumbua macho, akalishika jiwe kwa mikono yote miwili, akalikumbatia kifuani.

"Liache leo, mama," akasema. "Likikaa hapa sisikii baridi."