Jina Lililoitikiwa Ndani ya Tembe

Penina alishtuka pale pale mlangoni pa tembe. Kulinuka moshi, ule wa kinyesi cha ng'ombe kibichi, na mle ndani hakuna mtu anayepika. Ni nyumba ya maonyesho tu, imejengwa kwenye hifadhi ya miti nje ya Dodoma, ili watoto wa mjini waone bibi zao walivyoishi: vibuyu ukutani, jiwe la kusagia, ngozi ya kulalia.

"Mmewasha moto?" akamuuliza mama anayetembeza wageni.

"Hatuwashi kabisa. Nguzo zote hizi tulizitoa kwenye gofu la zamani huko porini. Zimekauka, zikishika moto tumekwisha."

Penina akaukamata kwa nguvu mkono wa binti yake Hilda, ambaye shule bado hajaanza.

Sasa sikia ugomvi wenyewe. Elisante, mume wa Penina, ndiye aliyewatoa nyumbani kwao Mkonze siku hiyo, na pilau kwenye hotipoti, akitafuta mkewe na dada yake Evarista wacheke pamoja hata mara moja. Mama yao Elisante na Evarista alikuwa anaitwa Anyesi. Alifariki Penina akiwa na mimba ya Hilda, na kwao mjukuu wa kwanza wa kike anachukua jina la bibi, hilo halina mjadala. Penina akagoma. Yule bibi, tangu Penina aolewe mpaka anaingia kaburini, hakuwahi kula chakula cha mkono wake. Hata uji. "Hakula changu, na mimi sibebi lake," akasema mbele ya ukoo mzima, mtoto akaitwa Hilda.

Evarista naye ana kichwa kigumu. Kila akija ni Anyesi, Anyesi, Anyesi. Na Penina kamfundisha mtoto asiitike, akiitika anafinywa. Miaka yote hiyo jina linaitwa, haliitikiwi. Limebaki kama nguo kwenye kamba, mwenyewe hajulikani.

Basi Evarista akatangulia kuingia kwenye lile giza la tembe na simu yake mkononi.

"Anyesi! Njoo shangazi akupige picha na vibuyu!"

"Wifi, hapa hakuna Anyesi," Penina akamjibu toka nje. "Ukimtaka, mfuate makaburini."

"We mwanamke una roho ya jiwe! Anyesi wee!"

"Abee."

Ilitoka chumba cha nyuma, sauti ya mtu mzima anayejibana awe mtoto. Evarista akapiga kigelegele. "Kaitika! Haya, utafanyaje sasa? Utamfinya?"

Hilda alikuwa amesimama na Penina nje juani, mkono ndani ya mkono, mdomo umejaa karanga.

Toka siku hiyo nyumba ya Mkonze ikabadilika. Ukimwita Hilda, anakutazama kama unamwita jirani. Anakaa kanyoosha miguu sakafuni kama kikongwe, anasugua magoti, anawasalimia wageni "Mbukwenyi" kwa Kigogo ambacho hakuna aliyemfundisha, na chakula akipewa na mama yake anafumba mdomo, anageuza uso ukutani, akipewa na baba yake vile vile, ikawa mtoto anakauka huku anaonekana, na ule moshi unatoka kwenye nywele zake hata akioshwa kwa sabuni, na watu wakiongea tu mambo ya marehemu, wakataja Anyesi kwa bahati mbaya, nyuma ya kabati la vyombo inaitika sauti taratibu, "Abee," na mtoto yuko kitandani midomo imefungwa.

Wazee wa kanisa waliomba mpaka wakakauka koo. Mwisho Evarista mwenyewe, bila kuulizwa na mtu, akapanda basi kwenda Kondoa akarudi na Bi Joha, mganga mfupi mwenye kikohozi. Bi Joha akafukiza ubani, akaweka sikio kifuani kwa mtoto.

"Ni mama yetu?" Evarista akanong'ona.

"Mama yenu kapumzika, msimsingizie. Huyu ni wa kwenye lile gofu. Kahama na nguzo zake, hana wa kumwita. Nyie mmeingia mnapiga kelele na jina lisiloitikiwa, kaitika yeye. Kalivaa. Sasa anataka na mwili uliokuwa ulivae."

"Atatokaje?" Penina akauliza, machozi yanamtiririka.

"Jina lipate mwenyewe. Wewe ndiye uliyelinyima, wewe ndiye utakayelitoa."

Penina akatazama mbavu za mtoto zilivyotokeza. "Anyesi," akasema huku kauma meno.

"Abee," ikajibu nyuma ya kabati. Ikacheka.

Evarista akamshika bega. "Wifi, si hivyo. Unamwita kama unamtukana. Nakuomba. Mimi sina mtoto mwingine duniani, nina huyu."

Penina akapiga magoti, ubani unamuunguza macho, akasema kwa sauti ambayo hajawahi kuitoa ndani ya ukoo ule: "Mama mkwe, hukula changu, na iliniuma, iliniuma mpaka leo, lakini nimekwisha, nimeweka chini, jina lako nimelipokea kwa mikono miwili. Anyesi. Anyesi mwanangu!"

Vyombo vikatetemeka kabatini. Mtoto akafumbua macho.

"Abee, mama. Nina njaa."

Alikula ugali na mlenda, kutoka mkono wa mama yake, mpaka wakamzuia. Moshi ukaisha, mtoto akawa Anyesi kwa kila mtu, na jina la Hilda likabaki halina mwenyewe. Evarista akawa haondoki Mkonze, anasuka, anapika, na mtu akipita anasikia mawifi wawili wanacheka pamoja.

Siku moja jioni Penina anasonga ugali uani. Evarista kakaa kwenye kigoda mbele yake, mtoto kamweka katikati ya magoti, anamsuka. Elisante yuko kazini. Ndani hakuna mtu. Penina, mikono imejaa, ulimi na mazoea yake, akaita bila kufikiri:

"Hilda, niletee sahani!"

Vidole vya Evarista vikasimama kichwani kwa mtoto. Penina akaona alichofanya, lakini neno lilikwisha toka. Mtoto akainua uso, akawatazama wote wawili, midomo kaifunga.

"Abee, mama," ikasema ndani ya nyumba. "Naleta."

Na kabati la vyombo likafunguliwa.