Honi ya Lori kwenye Pikipiki

Pikipiki ilipoteleza, Ishaka alikuwa bado anajisifu.

"Kona kama hizi, mke wangu, mimi nazilalia tu, kama..."

Kama nini, Sekela hajaambiwa mpaka leo. Tairi la nyuma lilikwenda kivyake, na wote watatu, mume, mke na pikipiki, wakaiacha barabara na kuporomoka korongoni, wakivunja vichaka na kugonga mawe. Begi la zawadi za wakwe lilitangulia.

Sekela alijikuta amekaa kwenye matete, mdomo umejaa udongo. Akajipapasa. Mikono ipo, miguu ipo, kichwa kipo. Kijito kilipita hatua chache kutoka alipokaa. Huko juu ukungu wa Julai ulikuwa umeshaimeza barabara.

"Ishaka!"

"Nipo. Ila mguu, usiuangalie."

Akauangalia. Chuma cha kukanyagia kilikuwa kimemchana kuanzia gotini kushuka chini, na mfupa umekaa upande usio wake. Damu ilitoka bila haraka, lakini bila kupumzika. Sekela aliisukuma pikipiki pembeni, akafungua begi, akachana kitenge kipya kwa meno.

"Hicho cha mama mkwe!"

"Mama mkwe wako atavaa kingine. Kaza meno."

Akafunga. Kitenge kikalowa. Akafunga tena, kwa nguvu zaidi.

Hawakupaswa kuwa huko kabisa. Kutoka Tunduma, kwenye duka la Ishaka la vipuri, hadi Isansa kwa baba yake Sekela, watu wenye akili hupita barabara kuu. Lakini walikuwa wameoana juzijuzi tu, ndoa ya bomani, yeye wa msikitini na mkewe wa kanisani, na mzee hajamkubali mkwe. Ishaka akataka kwanza waizunguke milima ya Ileje, wapunge upepo kama watalii, ndipo aingie Isansa kwa kishindo. Sekela alimwambia tairi limekuwa kipara. Hela ya tairi ikanunua honi ya lori huko Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Ikilia, watu wa Tunduma walikimbilia mitaroni wakidhani semitrela imekata breki.

Sasa simu haikushika mtandao, barabarani hakupita mtu, na baridi ilikuwa inaingia hadi kwenye mifupa.

"Tufuate maji yanakoshukia," Ishaka alisema. "Huko chini hakukosi watu."

"Utashukaje, kwa kubingirika?"

Sekela alichota maji kwa viganja, akamnywesha. Ishaka akatema.

"Maji gani haya? Yamechacha!"

Sekela akayanusa. Kisha akainama kijitoni, akaokota kitu kati ya mawe. Maganda. Akayasogeza machoni, na kwa mara ya kwanza tangu waanguke, akacheka.

"Maganda ya kahawa. Tazama, bado mekundu. Yakilala hugeuka kahawia. Kuna mtu huko juu anamenya kahawa leo hii."

Utoto wake wote alikuwa amezungusha mashine ya kumenyea kahawa ya baba yake mpaka viganja vikatoka malengelenge. Harufu ile angeijua hata usingizini.

"Usiniache, Sekela." Mzaha ulikuwa umemtoka Ishaka.

"Nikikubeba tutafia wote hapa. Hiyo honi inalia?"

Ishaka akanyoosha mkono kwenye usukani, akabonyeza. Ndege wa korongo zima wakaruka.

"Basi piga, pumzika, piga. Usilale. Ukinyamaza, kwenye ukungu huu sikupati."

"Si ulisema ni kelele za kishamba?"

"Ni kelele za kishamba. Zipige."

Alipanda akishika mizizi, maji yakimfika magotini. Kiatu kimoja kilichukuliwa na maji, cha pili akakitupa kwa hasira. Kijito kikagawanyika mikono miwili. Mkono mmoja ulikuwa na maji maangavu, ya kuvutia kunywa. Mwingine ulibeba maganda. Akafuata uchafu. Aliteleza, akapasuka goti, akanyanyuka. Nyuma yake honi ililia, kila mara kwa mbali zaidi, mpaka asijue kama anaisikia au anaikumbuka.

Ndipo akasikia mashine ikikereza.

Mzee Nathanaeli na wanawe, Watson na Lusubilo, waliokuwa kwenye mashine hiyo, waliona mwanamke wa matope akitoka kijitoni.

"Mume wangu yuko korongoni. Damu inamtoka."

Mzee hakuuliza mume gani wala wa wapi. Alishika chanja la waya la kuanikia kahawa, akaimwaga kahawa yote chini.

"Tutaiokota. Shikeni huku na huku, twende."

Walipofika maji yanapogawanyika, giza lilianza kuchanganyika na ukungu. Wakasimama kusikiliza. Kimya.

"Labda betri imekufa," Watson alisema. Hakuna aliyetaja jambo lingine linaloweza kufa.

Sekela alisogea kwenye ukingo wa maji. Akavuta pumzi, akapiga kelele zilizogonga miamba:

"Ishaka! Ndiyo honi yenyewe hiyo? Nilikosa tairi kwa ajili ya kikohozi cha mbuzi? Nilijua tu ni ya bei rahisi!"

Kimya. Maji. Kimya.

Halafu, kutoka kushoto, sauti nyembamba:

"Siyo ya bei rahisi. Ni ya Nakonde."

Wakamkuta amelala kando ya pikipiki, midomo imekauka, kidole bado kimebonyeza honi iliyokwisha nguvu.

Wakampandisha juu ya chanja, wakampeleka hospitali usiku uleule. Kesho yake baba yake Sekela, Mzee Rabson, alifika hospitali, akasimama miguuni pa kitanda, akamtazama mkwe wake.

"Ndiye huyu aliyeletwa kwa chanja?"

"Ndiye, baba," Sekela alisema.

"Mkitoka hapa mlete nyumbani. Haruhusiwi kurudi Tunduma mpaka akauke vizuri, kama kahawa."

Mguu ulipopona, Ishaka mwenyewe aliifungua honi, akampelekea Mzee Nathanaeli pamoja na betri. Ukungu ukishuka, mzee huipiga ili wachumaji wajue nyumbani ni upande gani.

Wao walirudi Tunduma kwa barabara kuu, tairi jipya, nyuma ya malori. Kila kona Ishaka alipunguza mwendo bila neno, na Sekela, nyuma yake, akapiga honi kwa mdomo.