Shikamoo ya Mama Mdogo

Mama mdogo Agripina alimwamkia Damari shikamoo.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda, Damari anatoka chumbani na mswaki mdomoni. Mama mdogo alikuwa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko anapepeta uwele. Alipomwona akaweka ungo chini, akasimama, akafuta mikono kwenye khanga, akakunja goti kama binti aliyelelewa vizuri na kusema shikamoo. Kisha akabaki vile vile, goti limekunjwa, anangoja aitikiwe.

Sasa niambie, ni Mandewa ipi au Ilongero ipi ambako mwanamke mwenye mvi anamwamkia mtoto aliyembeba mgongoni? Damari alicheka akidhani ni utani, akamwambia mama mdogo aache mambo yake. Mama mdogo hakucheka. Goti lilianza kutetemeka kwa kuchoka na bado hakulinyoosha, mpaka Damari mwenyewe, kwa kutaka tu yaishe, akasema marahaba. Hapo mama mdogo akaketi, akachukua ungo, akaendelea na kazi yake.

Pale uani palikuwa na harufu ya mvua, ile inayotoka ardhini matone ya kwanza yakigusa vumbi. Na kiangazi kilikuwa kimeshika kwelikweli, hata wingu la kudanganyia hakuna. Damari akatema povu la mswaki. Alijua ni nini, na alijua nani amelileta.

Tumseme Damari kidogo, maana hasemwi bure. Alikuwa anasoma uzamili Dodoma, na hapa nyumbani alikuja kuandika andiko la utafiti, lile ambalo bila kulipitisha chuo hakikuruhusu ukusanye hata jibu moja la mtu. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na mama mdogo Agripina na mumewe, baba mdogo Zefania, mkamuaji wa mafuta ya alizeti. Baba mdogo alikuwa ameshatangaza kanisa zima kwamba nyumbani kwake kuna daktari anapikwa. Ukimwambia uzamili si udaktari anakujibu ni suala la muda tu.

Andiko la kwanza la Damari lilihusu alizeti. Alilitetea mbele ya darasa, na msimamizi wake, Dokta Melkizedeki, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akauliza swali moja: pengo lako liko wapi? Yaani kitu gani ambacho wenzako wote walioandika habari za alizeti hawakukisema, wewe ndiye utakayekisema? Damari alisimama pale akageuka jiwe. Mtu mmoja nyuma akakohoa kile kikohozi cha kucheka. Alirudi nyumbani Mandewa akiwa hawezi hata kupokea simu za wenzake kwa aibu, na neno pengo analisikia mpaka akipiga deki.

Pengo akalipata mezani, siku moja wanakula. Mama mdogo alisema kitu fulani kilitokea "wakati wa homa," na wote wakainamia sahani zao kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile. Homa lilikuwa jina la heshima tu. Damari akiwa shule ya msingi, mama mdogo alikuwa na jini. Yeye ambaye Kiswahili chake hakimalizi sentensi bila kuchomekwa Kinyaturu, alikuwa akikaa saa nzima anaongea Kiswahili cha msomaji wa taarifa ya habari, kwa sauti ya mwanamume mpole, akiwaomba radhi watu kwa mambo ambayo bado hajawafanyia, na nyumba ikinuka mvua hata kiangazi. Akaletwa Bibi Sara kutoka Ilongero, mzee wa kanisa na mtu mkali, akalitoa. Alipoondoka aliacha sharti moja. Mtu yeyote aweza kuisimulia habari ile, ila Agripina mwenyewe asiisimulie kamwe, maana kinywa kilichokuwa mlango kikisimulia kinafunguka.

Basi Damari akaliona pengo lake. Watu wameandika kuhusu waganga, wameandika kuhusu makanisa, lakini wanawake waliopona, nani amewauliza? Alipompigia Dokta Melkizedeki, dokta alifurahi mpaka akamwita mwanangu. Akamwambia aandike, ila kwanza ayajaribu maswali yake kwa mtu mmoja aone kama yanajibika.

Mtu mmoja alikuwepo nyumbani.

Alingoja baba mdogo aende mashineni. Akatandika mkeka, akaweka simu katikati iwe inarekodi, akamdanganya mama mdogo kwamba ni maswali ya kawaida kuhusu magonjwa, malaria na taifodi. Mama mdogo alikaa vizuri, akajitengeneza na kilemba kama anapigwa picha. Maswali yalipoanza kupinda kuelekea homa, uso ulimbadilika. Akasema, "Hapo basi, mwanangu. Bibi Sara alikataza."

Damari angeweza kuizima simu. Alichofanya ni kulalamika kwamba wenzake wote wameshapita, kwamba atafukuzwa chuo, kwamba baba mdogo ataziweka wapi zile sifa. Mama mdogo hakuwahi kumnyima kitu tangu siku aliyoletwa kwake. Akasimulia. Alisimulia huku anachezea ncha ya khanga, hamtazami, na Damari anaitikia, anaweka alama ya vema kwenye maswali yaliyojibiwa. Halafu, jamani, akaongeza swali ambalo hata kwenye mwongozo wake halikuwemo.

"Sauti yake ilikuwaje? Hebu iga kidogo."

Mama mdogo alifumba macho. Midomo ikafunguka, na ile sauti ya kiume, ya upole, ikasema, "Hodi."

Damari alikuwa ameinama anatafuta swali linalofuata. Chuoni walifundishwa kumtia moyo mhojiwa asikatishe maelezo. Bila kuinua kichwa, kwa mazoea tu, akajibu, "Karibu, endelea."

Ndiyo hivyo. Hodi ikapigwa, karibu ikatolewa. Kesho yake asubuhi ndiyo ile shikamoo.

Tangu hapo kila wakibaki wawili, mama mdogo alimwamkia. Mbele ya baba mdogo alikuwa mtu wa kawaida, anapika, anauliza bei ya mashudu ya alizeti, lakini baba mdogo akitoka tu kizingitini, goti linakunjwa. Ungo ukaanza kusikika jikoni wakati jikoni hakuna mtu, shaa, shaa, shaa, na ukienda unaukuta umeegemezwa ukutani kwa ustaarabu. Na Damari, badala ya kuvaa viatu akakimbilia Ilongero, alikuwa anaandika. Nasema anaandika. Aliyahamisha maneno ya mama mdogo kutoka kwenye simu akayaweka ndani ya andiko, "mhojiwa alieleza kwamba," na aibu ilimchoma kila alipoandika mhojiwa, lakini kurasa zilikuwa zinajaa vizuri kuliko zilivyowahi kujaa.

Siku moja mchana wa jua kali, nyumba nzima imetulia, kuku wamejibanza chini ya mkokoteni na bati linalialia kwa joto, alikuwa amekaa mezani anamalizia sehemu inayoeleza jinsi mtafiti atakavyowalinda wahojiwa wasidhurike, na ndipo harufu ya mvua ikaja tena, safari hii nzito kiasi kwamba aliinua macho kutazama dirishani, akaona vumbi jeupe na jua, akarudisha macho kwenye kompyuta, na kwenye kioo chake chenye giza pembeni akaona kwamba nyuma ya kiti chake kuna mtu amepiga magoti, ameshapiga magoti muda mrefu maana hakusikia mlango wala nyayo, kichwa kimeinama hadi karibu na bega lake, na anasoma. Anasoma pamoja naye, midomo inacheza. Mama mdogo Agripina hakuwahi kusoma zaidi ya kitabu cha nyimbo, tena kwa kufuatisha na kidole.

"Umeandika vizuri," ile sauti ikamwambia sikioni. "Ila umesahau kuandika nani alinikaribisha."

Damari alilia siku ile. Hakumwambia mtu.

Jumapili jini likajitokeza kanisani. Kwaya inaimba, mama mdogo akasimama kwenye benchi la akina mama, akaanza kuwaomba watu radhi kwa Kiswahili kisafi, mmoja mmoja na jina lake. Walimtoa amebebwa. Baba mdogo Zefania alikuwa analia waziwazi, anauliza ni nani amewafanyia hivi, na Damari alikuwa amemshika mkono, anamwambia Mungu yupo.

Bibi Sara alikuja na bodaboda kutoka Ilongero siku ya pili yake, mchana. Alikuwa amepungua mwili ila ukali haujapungua. Sebuleni palikuwa na wazee wa kanisa na majirani wachache, mama mdogo amekalishwa mkekani. Bibi Sara alimtazama, akanusa hewa, akasema hili halikuvunja mlango. Lilipiga hodi likakaribishwa, na mgeni hutolewa na mwenyeji wake. Hatauliza nani, maana watu wana midomo ya kukana. Kila mtu wa nyumba ile na kila anayeingiaingia apite mbele ya Agripina. Atakayeamkiwa shikamoo na huyu, huyo ndiye mwenyeji, na papo hapo mbele ya watu aseme nilikukaribisha mimi, nimekufukuza mimi. Litatoka.

Damari akajisogeza mwisho wa mstari. Baba mdogo akapita, hakuamkiwa. Jirani akapita, hakuamkiwa. Wazee wa kanisa wakapita mmoja mmoja, na kila mmoja akishapita anakaa pembeni na kugeuka kumtazama anayefuata, mpaka macho yote ya sebule ile yakawa kwa Damari. Moyoni alikuwa anaomba. Hakuomba mama mdogo apone, na hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye. Aliomba asiamkiwe.

Akasimama mbele ya mkeka. Mama mdogo aliinua uso. Goti likaanza kujikunja chini ya khanga, midomo ikatoa "shi," na hapo akaiuma. Aliiuma kwa meno mpaka damu ikachuruzika kidevuni, shingo imemsimama mishipa, mwili mzima unatetemeka kama mtu anayezuia mlango unaosukumwa. Watu waliguna. Kisha akatulia, na ile sauti ya kiume ikatoka.

"Hakuna aliyenikaribisha. Nimekuja mwenyewe."

Bibi Sara alimtazama mama mdogo kwa muda, akamtazama Damari kwa muda mrefu zaidi. Damari akainamisha macho. Bibi akasema kama mgeni hana mwenyeji, basi yeye hana wa kumtumia kumtoa. Akaaga, akaondoka. Watu wakatoka uani kumfariji baba mdogo, na Damari akabaki na mgonjwa, anamfuta damu kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu.

"Damari," mama mdogo akasema. Ilikuwa sauti yake yenyewe, imechoka, na akaongeza neno la Kinyaturu la kumbembeleza mtoto ambalo Damari hakuwa amelisikia tangu azaliwe upya kuwa msomi. "Yule aliyejibu nilikuwa mimi. Nilimwiga."

Damari hakuelewa. Au alielewa, akatamani asingeelewa.

"Nisingekuacha uaibike mbele ya baba yako na watu wote wale. Lakini sina nguvu ya mara ya pili, mwanangu. Bibi Sara hajafika mbali, bado yuko kituoni anatafuta bodaboda. Nenda ukamwambie baba yako ukweli, atamrudisha. Nenda sasa hivi, kabla hajarudi huyu."

Damari alisimama. Alifika mlangoni, akashika pazia. Uani watu walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, na baba mdogo Zefania, macho mekundu, alikuwa anawaeleza kwamba katika balaa hili lote Mungu amemwachia kitu kimoja, huyu binti. Tangu jana anamwogesha mgonjwa, anamlisha, na usiku anaandika masomo yake. Kama si yeye, alisema, nyumba hii ingekuwa imeshaanguka. Mzee mmoja wa kanisa akasema amina.

Wakamwona pale mlangoni. Wakamtazama wote kwa upendo.

"Baba mdogo," Damari akasema.

"Naam, mama."

Neno lilikuwa limeshafika kooni. Alilisikia kabisa lilivyo, fupi, la kusemeka. Nyuma yake, sebuleni, mama mdogo alikuwa anasubiri.

"Chai iko tayari. Waingize wageni ndani."

Wakainuka, wakavua viatu, wakaingia wanashukuru, na sebule ikajaa watu na harufu ya mvua ambayo hakuna aliyeisemea. Damari alipowamiminia wote akatafuta pa kukaa, akakosa. Mkekani mama mdogo akajisogeza kidogo, akapapasa nafasi aliyomwachia kando yake, akatabasamu kwa adabu kubwa. Damari akaenda, akakaa.